Katuni ya mezani: namna ya kutengeneza filamu ya picha moja moja kwa simu

Kanuni ya uhuishaji wa picha moja moja, ule ambao wengi huuita stopu mosheni, inaeleweka kwa dakika moja. Unapiga picha, unasogeza kikaragosi kidogo, unapiga nyingine, na picha hizo zikipitishwa haraka jicho linaona mwendo. Kinachowashinda watu ni kuvizuia vingine vyote visisogee: meza, simu, mwanga, pazia la nyuma, kivuli cha mpigapicha mwenyewe. Kwa kasi ya picha 12 kwa sekunde, filamu ya sekunde 20 ni picha 240. Ukiipiga meza kikumbo kwenye picha ya 130, zile 129 za mwanzo haziungani tena na zinazofuata bila mruko ambao kila mtazamaji atauona. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kufunga, kubana na kuziba, kabla ya kufika kwenye kusogeza.

Tumemfikiria msomaji aliye Kampala, Gulu, Mbarara au Arua, mwenye simu ya Android ya kawaida, meza moja, na umeme usioaminika.

Tazameni kwanza, tena kwa kuhesabu

Kusanyikeni watu watatu au wanne. Kila mmoja alete filamu ya katuni anayoipenda, lakini asilete filamu nzima, alete nusu dakika tu ambayo hachoki kuirudia. Itazameni mara tatu: mara ya kwanza kama ilivyo, mara ya pili bila sauti, mara ya tatu fremu kwa fremu. Kwenye kompyuta, programu ya VLC husonga fremu moja kila ukibonyeza herufi E. Kama filamu ilitengenezwa kwa vikaragosi na nakala haikubadilishwa kasi, mara nyingi mtaona picha haibadiliki hadi mbonyeze mara mbili. Sinema hupita fremu 24 kwa sekunde, na kila pozi limepewa fremu mbili. Hapo ndipo inapotoka ile hesabu ya picha 12 kwa sekunde, na ndiyo kasi mtakayotumia.

Chagueni filamu zenye somo la kubeba. Studio ya Aardman ya Bristol, Uingereza, ina mbwa wa plastisini (udongo laini wa kufinyangia usiokauka) aitwaye Gromit ambaye hana mdomo kabisa, na bado kila mtu anajua kama amekasirika au amechoka, kwa sababu ya paji la uso na macho. Kondoo wao Shaun naye hasemi neno. Kwa anayeanza, hiyo ni habari njema: mhusika wa kwanza hahitaji kuzungumza. Lotte Reiniger wa Ujerumani alimaliza mwaka 1926 filamu ndefu nzima ya vivuli, kwa maumbo meusi aliyoyakata kwa mkasi na kuyalaza juu ya kioo kilichomulikwa kutoka chini. Asiye na plastisini anaweza kuanza hivyo hivyo, kwa boksi la sabuni na kioo cha dirisha. Hapa nyumbani, Creatures Animation Studio ya Kampala ilitoa mwaka 2017 filamu fupi A Kalabanda Ate My Homework. Hiyo ilitengenezwa kwa kompyuta, lakini itazameni kwa sababu nyingine: kalabanda, jini la mabwenini ambalo kila mwanafunzi wa Uganda amelisikia, linatosha kubeba filamu, hakuna haja ya kuazima hadithi ya mbali.

Wazo la sekunde 20

Mhusika mmoja, mahali pamoja, jambo moja analolitaka. Mfano tutakaoutumia: mwendesha boda boda wa plastisini anasubiri rolex yake (chapati iliyokunjwa na mayai) kibandani, chapati inajikunja yenyewe, inashuka mezani na kukimbia, yeye anaikimbiza. Basi. Chora visanduku sita kwenye daftari, kimoja kwa kila tukio. Kisha simama uigize mwenyewe huku mwenzako akishika saa, na andika sekunde chini ya kila kisanduku. Zidisha kwa 12 upate idadi ya picha. Wengi hugundua hapa kwamba kitendo walichokidhania cha sekunde 2 kinachukua 5.

Chapati ya kweli usiitumie. Chini ya taa kingo zake hukauka na kujikunja kabla hujamaliza hata tukio moja, na rangi hubadilika. Kata duara la sponji ya godoro lenye unene wa milimita 5, lipake chai ya rangi iliyokolea, na madoa ya kuungua uyatie kwa kahawa nzito. Ndani pitisha waya mwembamba ili mkunjo ubaki pale unapouacha.

Meza na simu

Meza iwe nzito, na isimame kwenye sakafu ya saruji. Sakafu ya mbao hutikisika kila mtu anapopita chumba cha pili. Mguu unaocheza utie kabari ya boksi lililokunjwa, na kama meza ni nyepesi weka matofali manne kwenye mbao zake za chini. Juu yake funga ubao wa plaiwudi wa sm 60 kwa 90, unene wa mm 12, kwa klampu mbili au skrubu. Pazia la nyuma liwe walau sm 30 kutoka kwa mhusika, ili kivuli chake kianguke sakafuni na kisipande ukutani. Bandika tepu chini pale unaposimama kupiga picha, na urudi hapo kila mara.

Simu ikae kwenye stendi ya miguu mitatu. Tundika kwenye stendi kavera (mifuko ya plastiki) mbili za mchanga, kila moja kilo 1, na miguu uibandike sakafuni kwa tepu. Chomeka chaja kabla ya picha ya kwanza, kwa sababu kuichomeka katikati kutaisogeza simu. Waya wake ufunge kwenye mguu wa stendi ukiwa umelegea. Washa hali ya ndege, maana simu moja ikiingia, mtetemo wake unatosha kuharibu tukio. Na usiguse skrini kupiga picha. Tumia kitufe cha sauti cha spika za masikioni zenye waya, au rimoti ndogo ya bluetooth, ukiiwasha tena bluetooth kama hali ya ndege imeizima.

Programu ya Stop Motion Studio inatosha, hata ile ya bure. Weka kasi ya 12, washa kivuli cha picha iliyotangulia ili uone umesogeza kiasi gani, kisha funga vitu vitatu: fokasi, kiasi cha mwanga na rangi ya mwanga. Ukiviacha kwenye otomatiki, kila mkono wako unapoingia na kutoka simu inajipima upya, na filamu itapumua: mara nyeupe, mara njano, mara giza. Usivute picha karibu kwa vidole, sogeza stendi.

Mwanga, adui mkubwa kuliko wote

Jua halifai. Hata siku isiyo na wingu linasogea, na vivuli vinatambaa mezani kama mshale wa saa. Tena wengi huziba madirisha wakasahau paa. Kwenye nyumba ya mabati, kila tundu la msumari linaangusha kiduara cha jua chenye ukubwa wa shilingi. Kwa jicho hukioni kikitembea. Katika filamu kinapita juu ya uso wa mhusika kama tochi. Tandaza shuka nzito juu ya meza kama chandarua, ziba madirisha kwa blanketi au kavera nyeusi, au subiri saa moja na nusu usiku giza liingie kabisa. Vaa nguo nyeusi au ya rangi nzito. Shati jeupe linarudisha mwanga mezani, na kila ukisimama pengine kidogo, upande mmoja wa kikaragosi unang'aa zaidi.

Umeme wa ukutani nao una mambo mawili. La kwanza ni kumetameta: umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mwanga wa balbu duni hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Elekeza kamera ya simu kwenye balbu. Ukiona mistari ya giza ikipanda au kushuka kwenye skrini, balbu hiyo ni ya kuachwa. Kama huna nyingine na simu inakuruhusu kupanga mwenyewe, weka muda wa kufunguka kwa lenzi uwe 1/50 au 1/25 ya sekunde, ili kila picha ikusanye mapigo kamili ya mwanga na isikate katikati. La pili ni nguvu kushuka. Jirani akiwasha pasi au birika, balbu yako inafifia kidogo. Wewe huoni, filamu inaona. Jioni, watu wanapopika, hali huwa mbaya zaidi.

Dawa ya yote mawili ni betri. Balbu mbili za LED za volti 12, wati 7 kila moja, zinakula ampea 1.2 hivi. Betri ya sola ya Ah 18, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inakupa saa saba. Mwanga wake haumeti, na umeme ukikatika mtaa mzima wewe unaendelea. Angalia mambo mawili: usichaji betri wakati unapiga picha, kwa sababu volti zitapanda, na balbu za bei ya chini hufifia betri inaposhuka, kwa hiyo anza tukio refu betri ikiwa imejaa na ulimalize kwa mkao mmoja.

Balbu kuu iweke kushoto kwa mbele, juu ya mhusika kama nusu mita. Ya pili iweke kulia, mbali zaidi, mbele yake ukitundika karatasi ya kuokea mikate ili ilainishe mwanga. Upande wenye giza simamisha kadibodi nyeupe.

Kiunzi cha mhusika

Plastisini peke yake haisimami. Ukiutengeneza mguu bila mfupa, baada ya picha ishirini utakuwa umebonyea na mhusika amefupika. Urefu wa sm 16 unafaa: chini ya hapo vidole vyako vinafunika kila kitu, zaidi ya hapo uzito unamwangusha. Kichwa kiwe chepesi. Tia kiini cha povu jeupe la boksi za televisheni, kisha plastisini kwa juu.

1. Omba kwa fundi umeme vipande vya waya wa shaba wa mm mraba 1.5, ule wa uzi mmoja wa kuwekea taa ndani ya nyumba. Menya plastiki kwa wembe. Usiichome, moshi wake ni sumu. Waya wa wajenzi wa kufungia nondo usiutumie, kwa sababu ukiukunja unarudi nyuma kidogo, na huko kurudi kunaonekana katika kila picha.

2. Kata nyaya mbili za sm 50. Bana ncha moja kwenye jiliwa, nyingine kwenye keekee, uzisokote taratibu, mzunguko mmoja kwa kila sentimita. Nyaya mbili zilizosokotwa ni bora kuliko moja nene: moja ikikatika ndani ya goti, nyingine inakufikisha mwisho wa tukio.

3. Kunja kamba hiyo katikati. Sm 8 za juu zisokote pamoja ziwe kiwiliwili na shingo. Zinazobaki ni miguu miwili. Mguu uwe na sm 7, na mwisho wake sm 3 zikunjwe kuwa nyayo. Kinachozidi kata. Mikono ni kipande kingine cha sm 22 kilichosokotwa vivyo hivyo, kinachofungwa kifuani kwa uzi na gundi ya epoksi ya mirija miwili.

4. Visha paja, muundi na mkono vipande vya mrija wa soda, ukiacha wazi goti, nyonga, kiwiko na bega. Sasa waya utakunjika pale tu mwili wa kweli unapokunjika.

5. Kwenye kila nyayo gundisha nati ya M3, yaani ya bolti ya mm 3. Ubao utoboe matundu ya mm 4 kila sm 2 pale mhusika anapopita, na bolti iingie kutoka chini ya ubao kumshika mguu. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayomwezesha kusimama kwa mguu mmoja. Njia nyepesi ni sumaku za spika mbovu kutoka kwa fundi redio, zinazowekwa chini ya ubao na kuvuta washa za chuma zilizo nyayoni. Ila hapo ubao uwe mwembamba wa mm 3, kwa sababu sumaku haishiki kitu kupitia mm 12 za plaiwudi.

6. Zungushia kiunzi chote uzi wa sufu, plastisini ipate pa kushika, kisha ivishe tabaka la mm 5. Nene kuliko hapo hupasuka viwiko vikikunjwa.

Shaba hukakamaa kadiri inavyokunjwa, na ikikakamaa inakaribia kukatika. Kabla ya kuanza kazi, nyaya zilizomenywa zipashe kwenye jiko la makaa hadi ziwe nyekundu ya giza, uzitumbukize majini. Zitatoka laini kama mpya. Usijaribu hivyo kwa alumini, itayeyuka.

Plastisini inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya shule. Nunua vipande viwili zaidi ya unavyodhani kwa kila rangi, maana rangi ya kiwanda kimoja hailingani na ya kingine. Finyanga rangi nyeupe na njano kwanza, mikono ikiwa safi, nyeusi mwisho. Weka pembeni vitambaa viwili vyenye unyevu, kimoja cha rangi nyepesi na kimoja cha nzito. Udongo wa mfinyanzi wa bondeni ni mzuri kwa vyungu, kuta na barabara, lakini usiuvishe mhusika, kwani hukauka na kupasuka kabla ya tukio kwisha. Unga wa ngano uliokandwa nao husinyaa, na usiku sisimizi wanaujia.

Plastisini ikikosekana, tengeneza: nta ya nyuki g 100, vaselini g 100, na unga wa udongo mweupe mkavu uliochekechwa kwa kitambaa, g 300 hivi. Yeyusha nta na vaselini ndani ya kopo lililosimama kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe usiweke kopo juu ya moto wenyewe. Ondoa jikoni, mimina unga kidogo kidogo ukikoroga, na ukande ikiwa vuguvugu. Ikipasuka ongeza vaselini kijiko cha chai. Ikinata mikononi ongeza unga. Mchana chini ya mabati hulainika mno, hivyo mhusika akipumzika alale ndani ya chungu kilichofunikwa kitambaa kibichi.

Macho ni shanga nyeupe za mm 6. Tundu la shanga lipake weusi, liwe mboni, kisha ncha ya pini iingie humo ligeuke unakotaka atazame. Jicho linalogeuka kabla ya kichwa, picha mbili hivi, ndilo linalomfanya aonekane anafikiri.

Kwa ukuta wa nyuma na ardhi, jaribu olubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho utengenezaji wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Kina rangi ya udongo mwekundu, hakirudishi mwanga, na mikunjo yake midogo inaonekana kama ardhi halisi. Kibandike chote kwa gundi. Kitambaa kilicholegea kikiguswa hutetemeka filamu nzima.

Kusogeza

Usianze na mhusika. Mwaga maharage 20 mezani, ukayasogeze mm 5 kwa kila picha hadi yaandike jina lako. Ni kazi ya jioni moja, nayo itakufunulia kama meza inacheza, kama mwanga unameta na kama mkono wako una subira, kabla hujaharibu kikaragosi cha wiki nzima.

Kisha jifunze kuanza na kusimama. Kitu kinachosogea mm 8 kila picha, sawasawa, kinaonekana kuburutwa kwa kamba. Kiumbe huanza taratibu, hushika kasi, hupunguza. Mkono ukisafiri sm 10 kwa sekunde moja, jaribu vipimo hivi kwa milimita: 2, 4, 6, 9, 13, 16, 16, 13, 9, 6, 4, 2. Weka alama kwenye ukanda wa karatasi na uusimamishe kando ya mkono unapopima, ukiuondoa kabla ya kupiga. Chapati yetu inayotoroka ifanye kinyume kidogo kwanza: irudi nyuma mm 5 kwa picha tatu, itulie picha mbili, ndipo iruke. Bila kule kurudi nyuma mtazamaji hajui pa kutazama, na tukio linampita.

Hatua moja ya kutembea ni picha 6. Katika ya kwanza kisigino kinagusa chini mbele. Katika ya pili mwili unashuka uzito ukitua. Katika ya tatu mguu wa nyuma unapita karibu na uliosimama. Katika ya nne mwili uko juu kabisa. Ya tano na ya sita mguu unanyooshwa mbele. Watu husahau kushuka na kupanda, na mhusika wao anateleza kama yuko kwenye barafu. Tofauti ya mm 3 kati ya chini na juu inatosha.

Mhusika akisimama tuli zaidi ya picha 10 huonekana amekufa. Mpe kope: nusu, kufumba, nusu, picha tatu tu. Kila baada ya picha 12, rudisha utazame. Na daftari liwe karibu, uandike namba ya picha na ulichokifanya, kwa sababu mtu atakuita katikati na ukirudi hutakumbuka mkono ulikuwa unapanda au unashuka.

Mdomo wa Kiswahili

Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa kwa Kiingereza na vinadai midomo kumi au zaidi. Kwa Kiswahili inatosha saba: a, e, i, o, u, mdomo uliofumbwa wa m, b na p, na meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo mdomo unafunguka kwa mpangilio unaotabirika, na mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa maongezi ya kawaida, silabi moja ni picha 2. Yenye mkazo, 3.

Chukua "Karibu sana". Ka: mdomo wa a, picha 2. Ri: wa i, picha 3, maana ndipo mkazo ulipo. Bu: fumba picha 1, kisha u picha 2. Sa: meno yaonekane picha 1, kisha a picha 3. Na: mdomo wa e picha 1 ili kutenganisha, kisha a picha 2. Jumla 15, yaani sekunde moja na robo. Rekodi sauti kwanza, uhesabu, ndipo upige. Mdomo uufumbe picha moja kabla ya sauti ya b kusikika. Ukichelewa, maneno yanaonekana yametoka kwa mtu mwingine. Midomo ikate kwenye plastisini iliyosukumwa unene wa mm 2, na uihifadhi kwenye kifuniko cha kopo kwa mpangilio wa irabu.

Lakini kuna njia ambayo Uganda inaijua kuliko nchi nyingi. Katika vibanda vya video, VJ, yaani msimulizi wa filamu, huichukua filamu ya kigeni, akaitafsiri kwa Kiganda papo hapo, akaongeza maoni yake, na watazamaji wanamfuata yeye kama wanavyomfuata mhusika. Tengeneza filamu isiyo na midomo, kisha mpe kipaza sauti mwenzako mwenye Kiswahili kinachotiririka. Unaokoa siku nzima za kubadilisha midomo, na kila onyesho linakuwa na ladha yake.

Sauti, kuunganisha, kuonyesha

Rekodi sauti ndani ya kabati la nguo au chini ya blanketi, na si wakati wa mvua. Mabati yatafunika kila neno. Boda boda irekodi stejini kwa simu. Nyayo za chapati ni vidole viwili juu ya ngozi ya ngoma. Muziki upige mwenyewe au umwombe mpiga adungu (kinubi) wa mtaani na mkubaliane. Nyimbo za redioni zina wenyewe, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 inawalinda.

Kuunganisha, CapCut kwenye simu au Kdenlive kwenye kompyuta zinafaa, zote zina toleo la bure. Toa filamu kwa fremu 24 kwa sekunde. Hapo kila picha inarudiwa mara mbili kamili. Ukichagua 25 baadhi zitarudiwa zaidi ya nyingine na mwendo utakuwa na kwikwi. Picha za asili zihamishe kwenye flashi kila jioni.

Siku ya kuonyesha, shuka nyeupe ipigwe pasi na kuvutwa kona zote nne, maana kila mkunjo unapita juu ya nyuso. Spika iwekwe kando ya shuka, si kando ya projekta, sauti itoke kinywani mwa mhusika. Anzeni na maharage, kisha filamu yenu, halafu zile nusu dakika mlizozitazama siku ya kwanza. Safari hii watu wataona ndani yake mambo ambayo hawakuyaona. Sebuleni na jamaa hakuna neno, lakini kuonyesha filamu za watu hadharani au kwa kiingilio kunahitaji ruhusa ya wenyewe. Na atakayetaka nakala ya filamu yenu kwa WhatsApp, mtumieni kama faili, si kama video. Ikitumwa kama video inabanwa, na kitu cha kwanza kupotea ni zile mboni za shanga.